Chumba cha mbele, kumbukumbu ya saba: ukuta unaokunywa hewa

Siku 18. Tangu nipige mkono wa mwisho wa chokaa zimepita siku 18, na ukuta wa upande wa kibla haujatema hata punje ya ule unga mweupe wa chumvi. Jana usiku nilikwenda kuumulika kwa tochi ya simu, nimeilaza karibu kabisa na ukuta ili lengelenge lolote litoe kivuli. Hakuna kivuli. Bi mkubwa akanikuta pale saa sita, akauliza kama kuna mjusi. Nikamwambia hapana, natazama ukuta. Akasema "Haya baba," akarudi kulala.

Historia yote sirudii. Nyumba ni ya babu, hapa Ngamiani, Tanga, ya Kiswahili kabisa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Miaka ya nyuma akaja fundi, simjui na sina hamu ya kumjua, akaipiga lipu ya saruji nyumba nzima. Ikapendeza, watu wakasifu. Tangu hapo chumba cha mbele hakijawahi kukaa na rangi masika mawili mfululizo.

Nilianza na rangi ya maji, nzuri tu, mikono mitatu. Ikavimba malengelenge kabla sijamaliza deni la ndoo. Mwaka uliofuata nikakwangua, nikaweka pati ya kusawazisha ukuta, praima ya kuzuia maji, halafu rangi tena. Safari hii ilibanduka pamoja na pati yake, vipande vikubwa vikubwa, ukikanyaga vinalia kama maganda ya mayai. Mwaka wa tatu nikapaka rangi ya mafuta mpaka usawa wa kiuno, kama kwenye madarasa. Hiyo ilikaa. Ilikaa vizuri sana, ila alama ya maji ikapanda na kutokea juu yake, usawa wa kifua. Yaani nilikuwa nimeutafutia unyevu ngazi.

Mwaka huu masika yalipokwisha, mtaa mzima ukaanza kutoa magodoro nje, mapazia yanafuliwa, makabati yanasogezwa, na wale wenye rangi mpya wanaacha madirisha wazi makusudi ili wapita njia waone. Mimi nikavuta stuli, nikakaa mbele ya ukuta wangu na daftari. Niliapa sinunui ndoo yoyote mpaka nijue maji yanatoka wapi.

Kitu cha kwanza nilichokiona, na nashangaa ilinichukua miaka mitatu, ni kwamba alama ile inatembea na saa. Alfajiri ukuta umeiva, rangi ya kahawa, ukigusa kidole kinapata ubaridi. Saa saba mchana imefifia. Magharibi inarudi. Hata siku isiyo na tone la mvua. Kama ni maji yanayopanda kutoka ardhini, hayo maji yamejuaje kuwa ni alfajiri?

Kipima unyevu changu hakikunisaidia kitu. Ni kile cha pini mbili, niliagiza mtandaoni. Nasema wazi: kwa nyumba za pwani kifaa hiki ni cha kupotezea watu muda. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya pini, basi. Chumvi ikiwa na unyevu kidogo tu inapitisha umeme vizuri mno, kwa hiyo ukuta mkavu wenye chumvi unasomeka kama ukuta uliotoka kuoga. Kila nilipokichomeka kilikwenda mpaka mwisho na kupiga kelele, nami nikikiamini. Kipo kwenye droo sasa, nitampa anayekitaka.

Kilichonifungua macho ni kipande cha nailoni. Nilikibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, nikakiacha siku tatu. (Mara ya kwanza kilianguka, selotepu haishiki juu ya chumvi, ilibidi nifagie kwanza.) Nilitegemea kukuta matone ya jasho chini ya nailoni, maana hivyo ndivyo inavyokuwa maji yakitoka ndani ya ukuta. Alfajiri ya siku ya tatu nikakuta kinyume chake. Sehemu iliyofunikwa imekauka, nyeupe, ina pembe nne safi kabisa. Kuizunguka, pale panapopata hewa, pamelowa.

Nilikaa chini.

Ukuta ulikuwa haupandishi maji, walau si mengi kama nilivyodhani. Ulikuwa unayanywa kutoka hewani. Chumvi ya kawaida, hii ya mezani, inaanza kujilowesha yenyewe unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, na hapa kwetu kuzidi hapo usiku ni jambo la kawaida tu. Mchana hewa ikikauka kidogo, chumvi inaganda tena kuwa vichembe, na vile vichembe vikiota nyuma ya rangi vinaisukuma. Usiku vinayeyuka, mchana vinaganda. Kila siku. Hakuna rangi ya dukani itakayovumilia kusukumwa mara moja kwa siku kwa mwaka mzima. Na chumvi ilitoka wapi? Nikabandua kipande cha lipu ya yule fundi, nikakigonga, nikaona vigamba vya kombe ndani yake. Mchanga wa pwani. Nikaonja kwa ulimi. Ndiyo, niliulamba ukuta, na mke wangu aliniona.

Lakini kuonja si kipimo. Nikachukua gramu 100 za lipu kutoka penye alama, na gramu 100 kutoka juu karibu na dari ambako rangi haijawahi kuvimba. Nikazikausha kwa muda wa saa nne kwenye oveni ambayo mke wangu anaokea keki za oda, moto mdogo, kisha nikaziacha usiku kucha kwenye visosa viwili dirishani. Asubuhi nikapima tena kwa mizani yake ya unga. Ya juu ilikuwa imeongezeka gramu 1 isiyotimia. Ya kwenye alama, gramu 5. Lipu imekunywa gramu 5 za unyevu wa hewa usiku mmoja! Nilikimbia nayo jikoni kumwonyesha. Akauliza oveni itaoshwa na nani. Niliiosha mara mbili.

Baada ya hapo kazi ikawa na njia. Nilibomoa lipu yote ya saruji kwa tindo mpaka usawa wa kidevu, mpaka matumbawe yakaonekana. Kuhusu tindo: nunua pana, na nyundo iwe nyepesi. Watu wanachukua nyundo kubwa wakidhani wataokoa muda, mwisho wanang'oa na mawe. Vumbi lote nikalifagia likiwa kavu. Usimwage maji kusafisha, utairudisha chumvi ndani ukutani ambako ndiko ilikotoka.

Halafu viraka vya magazeti. Nilichana magazeti ya zamani, nikayaroweka, nikayaponda kwenye kinu (cha zamani, kilichopasuka, kabla hamjanigombeza) mpaka yakawa uji mzito, nikaukandika ukutani unene wa kidole. Uji unaulowesha ukuta, chumvi inayeyuka, maji yanarudi nje yakikaukia kwenye karatasi, chumvi inabaki kwenye karatasi. Ukikauka unabanduka wenyewe kama gamba la muhogo. Hapa nilikosea raundi nzima ya kwanza: nilitumia maji ya kisima. Kisima chetu kina magadi na chumvi, tunakijua, hata chai yake haifai. Nilikuwa naosha chumvi kwa chumvi. Nikaanza upya na maji ya mvua tuliyokinga wakati wa masika, mapipa mawili, ambayo bi mkubwa alikuwa ameyaweka kwa ajili ya kufulia nguo zake nyeupe. Tulikaa siku mbili tukiongea kwa salamu tu.

Raundi tatu, kila moja siku tano sita. Nikapima tena unga uliokwanguliwa kwenye maungio ya mawe: kutoka gramu 5 ikashuka mpaka gramu 2, halafu 1 na kidogo. Nikaacha hapo. Sifuri haipo kwenye nyumba iliyo umbali huu kutoka baharini.

Lipu mpya ni chokaa na mchanga wa mtoni, moja kwa tatu, bila saruji hata kijiko. Chokaa ya mfuko, imechomwa hapahapa Tanga, niliiloweka kwenye pipa wiki tatu na maji yakiwa yameifunika juu. Ikatoka laini kama siagi, mwiko unateleza. Sijawahi kufurahia kupiga lipu maishani mwangu, ila hii niliifurahia. Tahadhari moja: vaa miwani. Tone likiingia jichoni si la kusugua na kusubiri, ni la kuosha kwa maji mengi papo hapo.

Kisha kupaka. Mikono mitano, mmoja kwa siku, myembamba kama maziwa yaliyotiwa maji, na ukuta unaloweshwa kidogo kabla. Mkono wa kwanza ulinitia hofu kwa sababu ukiwa mbichi hauonekani. Unapaka, unapaka, unaona mawingu tu. Nikajua nimeharibu. Nikaenda kulala na hasira, asubuhi nikakuta ukuta mweupe. Chokaa haikauki tu kama rangi, inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe lile lile lililoingia tanuuni, na hiyo haina haraka. Jirani yetu mzee akanishauri nitie chumvi ili ishike vizuri. Chumvi! Najua ni dawa ya zamani na wengi wanaitumia, lakini mimi na chumvi hatusalimiani. Nilitia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye mkono wa mwisho. Chumba kilinuka zizi siku moja.

Rola sahau. Inaacha vidoti na inamwaga nusu sakafuni. Brashi ya nailoni nayo inateleza juu tu. Niliyoishia nayo ni brashi pana ya katani, ile nene ya bei ya chini ambayo mafundi wa rangi wanaicheka. Inabeba chokaa nyingi, na nyuzi zake zinaisukuma mpaka kwenye vitundu vya lipu. Na tuko Tanga, mji ulioishi kwa mkonge miaka mingi, halafu tunaagiza nailoni.

Wiki iliyopita tulipata manyunyu ya siku mbili, hewa nzito, shuka zikakataa kukauka. Huo ndio mtihani niliokuwa nausubiri. Alfajiri niliingia na kiganja. Ukuta ulikuwa baridi kidogo na umeingia kijivu hafifu sehemu moja, karibu na kizingiti. Saa nne imeondoka. Haikuvimba, haikutoa unga. Vuli ndiyo itakayosema zaidi, na usawa wa kizingiti nimeuwekea alama ya penseli.

Jumapili tukala chai pale chumbani, mara ya kwanza tangu nianze kubomoa. Mbaazi za nazi, maandazi ya moto, machungwa ya Muheza ambayo ndiyo yameanza kushuka, na chai ya tangawizi. Dirisha wazi, kusi linapita. Bi mkubwa alisogeza kiti chake mpaka ukutani akaegemea, na alikuwa amevaa buibui jeusi. Sikusema kitu. Nilikunywa chai yangu nikisubiri. Chokaa mbovu inamwacha mtu na mgongo mweupe kama aliyelala kwenye unga, na kwa jeusi hakuna kificho. Alipoinuka nikamfuata mpaka mlangoni. Akageuka. "Unanitazamia nini mgongoni?" Hakukuwa na kitu, walau kitu cha kuonekana kwa macho. Akasema babu alikuwa akipaka chokaa nyumba nzima kabla ya Idi, kila mwaka, na chini kabisa, pale matone ya mvua yanaporukia, anaweka mstari mwekundu.

Mstari mwekundu!

Kwa mpango, wiki hii ilikuwa ya jikoni. Nimeshanunua misumari ya rafu na mbao zimeegemea uani. Ila siku hiyo hiyo mke wangu alikuwa akiosha viazi vya Lushoto, vile vinavyokuja na udongo wao, na maji mekundu yakarukia kibao nilichokuwa nimepaka chokaa ya majaribio. Kilipokauka kikabaki na madoa ya rangi ya tofali, nikayasugua, hayatoki. Udongo ule wekundu wake ni kutu ya chuma, na kutu haiogopi ukali wa chokaa kama rangi nyingine zinavyoogopa. Basi nimekusanya udongo wote wa gunia, nikaukoroga kwenye maji, nikangoja mchanga utuame, nikamimina yale maji mekundu kwenye chombo kingine yatulie usiku. Kimepatikana kikombe kimoja cha tope laini. Vibao vinne viko juu ya ukuta wa uani sasa hivi: sehemu 1 ya tope kwa 20 za chokaa, 1 kwa 15, 1 kwa 10, na kimoja nilichokadiria kwa jicho, ambacho kwa bahati mbaya ndicho kizuri kuliko vyote.

Mbao za rafu bado zimeegemea palepale. Tope nililichujia kwenye kichujio cha chai, na leo asubuhi sote tumekunywa chai yenye majani.