Nakala 394 na Fidia ya Dola 500,000

Kila ninapofikiria jinsi gazeti linavyoweza kuzibwa mdomo bila serikali kulifungia, nairudia kesi ya kuchafuliwa jina ya L. B. Sullivan, kamishna aliyesimamia polisi wa Montgomery, katika jimbo la Alabama, Marekani, dhidi ya gazeti la New York Times.

Tarehe 29 Machi 1960 gazeti hilo lilichapisha tangazo la kulipiwa, la ukurasa mzima, lililochangisha fedha za kumtetea Martin Luther King mahakamani. Makosa yalikuwemo: lilidai King alikuwa amekamatwa mara saba, kumbe ni mara nne, na lilitaja wimbo ambao wanafunzi hawakuuimba. Sullivan alidai kwamba lawama za tangazo hilo kwa polisi zilimgusa yeye, ingawa jina lake halikuwemo kabisa, na nakala zilizofika Alabama nzima zilikuwa 394 hivi. Hata hivyo raia 12 walioketi kuamua kesi hiyo, Wazungu watupu, walimpa dola 500,000, yaani kiasi chote alichodai.

Linaloniumiza zaidi ni yaliyowapata wachungaji wanne weusi, Ralph Abernathy, Fred Shuttlesworth, Joseph Lowery na Solomon Seay, ambao majina yao yaliwekwa kwenye tangazo bila idhini yao, kisha wakashtakiwa pamoja na gazeti. Kabla rufaa haijaamuliwa, baadhi yao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa magari na ardhi ili kulipia fidia hiyo. Gazeti lenyewe, kwa ushauri wa mawakili, liliwazuia waandishi wake kukanyaga Alabama kwa muda, na hiyo ilikuwa miaka ambayo yaliyokuwa yakitendeka huko yalihitaji sana mashahidi.

Tarehe 9 Machi 1964 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliitengua hukumu hiyo. Jaji William Brennan aliandika kwamba kiongozi wa umma hapati fidia kwa habari inayohusu kazi yake mpaka athibitishe kuwa mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kama ni kweli au la.

Jaji Hugo Black, mzaliwa wa Alabama, aliona ulinzi huo hautoshi. Alikumbusha kuwa huko Alabama viongozi walikuwa wamelifungulia gazeti hilo kesi nyingine 11, zikidai dola 5,600,000 kwa jumla, na akataka haki ya kuwakosoa viongozi kwa kazi zao isiwekewe sharti lolote. Namuunga mkono, kwa kuwa mchungaji asiye na fedha za wakili hufilisika zamani kabla nia yake haijachunguzwa.