Moshi ya Barazani

Mwezi Juni alihamia ofisini kwetu dada mmoja kutoka Mtwara, na kabla wiki ya kwanza haijaisha aliniuliza swali ambalo wageni wa Moshi hawaliulizi mara nyingi. Wengi huulizia njia ya kupanda mlima, mahali pa kukodi makoti ya baridi, au hoteli yenye roshani inayotazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Yeye alitaka kujua ni fundi gani atakayempunguzia kiuno cha sketi bila kuiharibu, wapi atapata mtori mzuri kabla ya kuingia kazini, na kama lipo duka la mtaani linaloweza kumwamini mtu wakati mshahara bado uko mbali. Nilimjibu palepale tukiwa tumesimama mlangoni, lakini usiku nikaona kwamba nilikuwa nimemtajia mitaa tu, wala sikumweleza mtu anazipataje sehemu hizo. Jibu langu kamili ndilo hili.

Kwanza, asitafute vibao. Biashara ninazozipenda zaidi katikati ya mji hazina jina lililoandikwa popote, kwa sababu zinaendeshwa barazani, mbele ya duka la mtu mwingine, na watu huzielekeza kwa kitu kilicho jirani: yule wa mbele ya duka la mabati, yule wa kwenye nguzo ya kijani, yule anayepakana na kinyozi. Mji huu ulipo sasa uliletwa na reli. Njia ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, shughuli zilizokuwa juu, Old Moshi, zilishuka zikakaa karibu na stesheni, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka yaliyogusana ukuta kwa ukuta, mengi yakiwa na baraza yenye paa na nguzo upande wa barabarani. Baraza ile ilimkinga mteja na jua la Januari na mvua ya masika. Leo, ukipita mitaa iliyo kati ya Soko Kuu na Barabara ya Mawenzi, utaona kwamba hiyohiyo ndiyo inayowapa mahali pa kazi watu ambao wasingeweza kulipia fremu yao wenyewe.

Wa kwanza kati yao, kwangu, ni mafundi cherehani. Ndani ya duka anakaa muuza vitenge na vitambaa vya suti, na nje, hatua 3 kutoka mlangoni, anakaa fundi na cherehani yake ya kukanyaga. Mpangilio huo una faida pande zote mbili. Mteja anayenunua yadi 6 za kitenge hapati shida ya kuzunguka mjini akitafuta wa kumshonea, kwa hiyo hununua kwa moyo mwepesi, na fundi naye anapata kivuli, wateja wanaopita mbele yake siku nzima, na mahali pa kulaza cherehani usiku, kwa kuwa duka likifungwa huingizwa ndani pamoja na viti na pasi ya mkaa. Fundi wangu aliwahi kunieleza kwamba miaka ya mwanzo hakulipa pango la fedha hata kidogo. Alikuwa akiishonea familia ya mwenye duka, basi hesabu zikawa sawa.

Huyu fundi wangu ni mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na namna nilivyomfahamu inafaa kuelezwa. Marehemu baba alikuwa na shati jeupe la Jumapili ambalo kola yake ilichakaa kwenye mkunjo mpaka nyuzi zikatokeza. Nililipeleka kwa fundi mmoja upande mwingine wa mji, akaniambia shati limekwisha na niligeuze kuwa matambara ya kufutia vioo. Jirani akanielekeza kwa huyu mzee. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari ameshalichukua shati mkononi, akaiinua kola na kuitazama upande wa chini, ule usioonekana mtu akiwa amevaa. Upande huo ulikuwa mzima kabisa. Akachukua wembe akafumua mshono unaoishika kola shingoni, tundu moja baada ya jingine, taratibu, bila kukwaruza kitambaa. Ilipotoka aliipigapiga kuondoa vipande vya uzi, akaigeuza ili upande mzima uje juu na uliochakaa ulale chini, kisha akaibana kwa pini 3, akianzia katikati ya mgongo ndipo akaenda huku na huku. Alinieleza kwamba katikati ikikaa sawasawa, ncha mbili za mbele haziwezi kupishana, na kwamba mafundi wengi huharibu kola kwa kuanzia pembeni. Aliposhona, alipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani, hata usingejua kwamba kola ile imewahi kutolewa. Baba alilivaa shati hilo kwa miaka mingine 4.

Tangu siku hiyo sijapeleka nguo kwingine. Namwambia dada yetu huyu, na yeyote aliyehamia karibuni, kwamba asipeleke kitambaa mwezi Desemba. Wachagga walioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na hata nje ya nchi hurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na kwa kuwa ndugu wote wapo, ndoa, ubatizo na kipaimara husogezwa mpaka wakati huo. Kuanzia katikati ya Novemba vitambaa hurundikana hadi kwenye miguu ya cherehani, na hata fundi mwaminifu hulazimika kutoa ahadi ambayo mikono yake miwili haiwezi kuitimiza. Mimi hupeleka vyangu Oktoba. Mwaka mmoja nilichelewa, nikaona haya kumsumbua mzee, nikaenda kwa kijana mmoja aliyeniahidi siku 3. Gauni la harusi ya mdogo wangu nikaletewa usiku wa kuamkia harusi, mkono mmoja ukiwa umekatwa kinyume cha maua ya kitenge. Ni mzee wangu aliyelirekebisha alfajiri ile, kwa taa ya simu yangu, na hakunisema.

Kuhusu mtori nina msimamo. Mtori ni wa asubuhi. Ninapokula mimi ni katika uchochoro usio mbali na stendi kuu ya mabasi, kwa mama ambaye huamka saa 10 alfajiri kumenya ndizi mshare, mikono ameipaka mafuta ili utomvu usimshike, na kufikia saa 12 sufuria ya kwanza huwa imeiva. Nyama yake ni ya ng'ombe yenye mfupa, huchemshwa peke yake mpaka supu iwe nzito, ndipo ndizi huingia. Zikilainika huziponda kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria na kuziacha na vipandevipande vidogo, kwa sababu mtori laini kupita kiasi, kwa maneno yake na kwa maoni yangu pia, unamfaa mgonjwa. Abiria wa mabasi ya alfajiri hula wamesimama, mifuko ikiwa miguuni. Kufika saa 4 umekwisha, na hapiki mwingine. Nimewasikia watu wakimshauri aongeze sufuria ya mchana, naye hukataa kwa upole, kwa kuwa mtori ukikaa huganda, ukiganda huongezwa maji, na hapo utamu wa mfupa hupotea. Namheshimu sana kwa hilo.

Ana wateja wengine ambao hawali pale. Wanakuja na chupa za chai zenye mdomo mpana, wanajaziwa, wanaelekea Hospitali ya Mawenzi au KCMC, ambako kuna binti, mke au dada aliyejifungua usiku. Mzazi hupewa mtori ili maziwa yatoke, ndivyo tulivyolelewa wengi huku. Mwenye chupa ya mzazi hapangi foleni, na sijawahi kuona mtu akilalamika. Siku moja kijana mmoja alifika na chupa lakini akagundua kwamba fedha amezisahau kwa wasiwasi wa kuitwa baba. Mama alimjazia, akamfungia na limau 2 kwenye karatasi. Kijana akamwambia, "Aika mae," yaani asante mama, mara 3 hivi, akaondoka mbio.

Ndizi zake anazinunua Soko la Mbuyuni, na nawashauri wapya waende huko mapema, wakati akina mama wa Uru, Kibosho na Old Moshi wanapoteremsha mizigo. Usiseme tu kwamba unataka ndizi. Sema unataka kupika nini, nawe utapewa mshare kwa mtori au machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, na kisukari ukitaka ya kuiva na kula. Mchele muulizie wa Mabogini au Chekereni, unaotoka kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Unalimwa jirani kabisa na mji. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, sitaielekeza mjini. Anayetaka mbege ya kweli, yenye ulezi ulioota vizuri na uchungu wa gome la msesewa, apande kijijini Jumapili na akae na wenyeji.

Saa 10 jioni ni saa ya kahawa. Inashangaza kidogo kwamba mkoa huu, ambao wakulima wake waliunda ushirika wao wa KNCU mwaka 1933 kwa ajili ya kuuza kahawa, umezoea zaidi kunywa chai nyumbani. Kahawa tunainywa mjini. Punje za kukaanga za kupeleka nyumbani nanunua kwenye mgahawa wa KNCU, na ninafurahi kila ninapofanya hivyo, kwa kuwa marehemu babu yangu aliuza kahawa yake kwa ushirika huohuo. Ila kikombe cha kunywa, nakinywa barazani, kwa muuza kahawa mwenye birika la shaba na jiko la mkaa chini yake, pamoja na kashata ya karanga. Wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na mawingu yakiondoka, ukisimama mwisho wa baraza, Kibo hujitokeza yote mbele yako mwishoni mwa barabara. Hakuna anayeinuka kuitazama, lakini nimeona kwamba mchezo husimama kidogo.

Kuhusu kukopeshwa, hilo ni la mtaani unakolala na siwezi kumchagulia mtu. Nchi nzima humwita muuza duka Mangi, jina ambalo huku kwetu lilikuwa la mtawala, na Mangi wa Njoro ninakokaa mimi ana daftari la mistari lenye ukurasa wa kila nyumba. Ninachoweza kusema ni kwamba daftari halifunguliwi kwa kuombwa. Nunua kwake miezi 2 au 3 kwa fedha taslimu, msalimie watoto wake, nawe siku moja atakwambia mwenyewe kwamba chukua tu, utaleta.

Kuna jambo linaloniumiza katika haya yote. Miaka michache iliyopita fundi viatu wangu, aliyekaa baraza moja kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kukumbuka, alikuta siku moja jengo lile limezungushiwa mabati. Lilikuwa la zamani, mwenye mali alikuwa na haki ya kulivunja, na siwezi kumlaumu mtu kwa kutaka ghorofa. Lakini jengo jipya lilipokamilika lilikuwa na ukuta wa vioo ulioletwa mpaka ukingoni mwa barabara, na baraza haikurudi. Mvua ikinyesha watu hukimbia kupita pale. Fundi alihamia chini ya mti karibu na mfereji, na masika mbili mfululizo nilimkuta amefunika ngozi na misumari yake kwa nailoni huku akishona soli kwa uzi aliousugua nta, maji yakimdondokea mgongoni. Leo yuko mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, anakaribishwa vizuri, na ninaomba mwenye duka hilo asipate hamu ya vioo. Wanaochora majengo mapya ya mji wetu wanaweza kuacha mita 2 za kivuli upande wa barabara. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na kazi zinazokaa hapo.

Dada wa Mtwara alikwenda kwa mzee na sketi yake wiki iliyofuata, nami nikamsindikiza. Mzee alimpima kiuno, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa cherehani, akamuuliza ametoka wapi na kama ameshazizoea ndizi. Akajibu kwamba anazila kila siku. Alipoipunguza sketi hakukata kitambaa kilichozidi. Alikikunja kikalala ndani, akakishikiza kwa mshono mrefu wa mkono unaofumuliwa kwa urahisi, akapiga pasi juu yake na kumkabidhi.