Tozo ya miamala iliandikwa wapi?

Kila Juni wateja wangu huniuliza bajeti imesemaje, kwa sababu wanaona wakala wa pesa za simu lazima atajua. Siku hizi nawajibu kwamba hotuba tumeisikia, sasa tusubiri kanuni. Wengine wanadhani nawakwepa. Siwakwepi. Tozo ya mwaka 2021, yale makato ya Serikali kwenye kutuma na kutoa pesa kwa simu, ndiyo iliyonifundisha kwamba kinachomkata mtu hela mara nyingi hakimo kwenye hotuba, wala hakimo kwenye sheria yenyewe. Kimo kwenye kikaratasi kinachofuata nyuma yake.

Nina kibanda Msamvu, Morogoro, karibu na stendi. Hapa hela haikai. Mtu anashuka kwenye basi la kutoka Dodoma, anatoa nauli ya kuendelea na safari ya Ifakara. Mwingine anamtumia mama yake elfu ishirini, na anakumbushwa kwa simu, "weka na ya kutolea". Tarehe 15 Julai 2021 tozo ilipoanza, maneno hayo mawili, kutuma na kutoa, yote yalibeba makato mapya juu ya yale ya kampuni za simu. Aliyetuma alikatwa, na aliyepokea akienda kutoa alikatwa tena. Mzee mmoja ambaye tulizoeana, namwamkia na ananiita mwanangu, alishika simu yake akaniuliza, "Mwanangu, hii hela umeichukua wewe?" Nilimwonyesha ujumbe wa muamala, mstari wa tozo ya Serikali. Wakala hapati hata shilingi katika tozo. Lakini ukweli ni kwamba sura aliyoiona mzee ilikuwa yangu, maana aliyeamua alikuwa mbali.

Niliporudi nyumbani nikaanza kutafuta aliyeamua ni nani, na alitumia mamlaka gani.

Waziri wa Fedha wakati ule, Dk. Mwigulu Nchemba, aliposoma hotuba ya bajeti Juni 2021 alitaja tozo ya kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa, kulingana na kiasi. Hilo tulilisikia redioni wote. Bunge likapitisha Sheria ya Fedha ya 2021, ambayo ndani yake ilirekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na kuingiza tozo hiyo. Lakini jedwali, yaani anayetuma kiasi hiki akatwe kiasi gani, liliachwa kwa Waziri alitunge kwa kanuni. Na jedwali ndilo tozo. Kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kuna nafasi ya kumsamehe muuza mchicha au kumnyonya, na nafasi hiyo yote ilikabidhiwa ofisi moja.

Ni halali? Katiba yetu, ibara ya 138, inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria ya Bunge. Hiyo "au" ndiyo mlango. Ibara ya 97 nayo inaliruhusu Bunge kumpa mtu au idara uwezo wa kutunga kanuni. Kwa hiyo mlango upo na umefunguliwa na Katiba yenyewe. Silalamikii kuwepo kwake. Nchi haiwezi kuitisha Bunge kwa kila leseni na kila ada. Ila kodi inayomgusa kila mwenye simu, mimi naona hapo Bunge liligawa kazi ambayo ni yake.

Kanuni zikishatungwa zinachapwa kwenye Gazeti la Serikali na kuanza kazi. Baadaye zinawasilishwa bungeni, na ipo Kamati ya Sheria Ndogo inayozichambua. Inazichambua zikiwa tayari zinafanya kazi. Wakati kamati inasoma, mteja wangu ameshakatwa.

Na hata muswada wenyewe, mbunge ana nafasi gani ya kuupinga? Kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, mbele ya kamera. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti ya Serikali. Mbunge anayechukia kifungu kimoja cha tozo anatakiwa akubali mzigo wote au ahatarishe kiti chake. Bunge lenyewe baada ya uchaguzi wa 2020 lilikuwa karibu lote la chama kimoja.

Pale kibandani nilikuwa naona watu wakitafuta njia. Bahasha za hela zilirudi kwa makondakta wa mabasi, kama zamani kabla ya simu. Wengine waliacha kutuma kidogokidogo, wakasubiri hadi hela ijae. Kamisheni yangu ilishuka kwa sababu wakala analipwa kwa miamala.

Nisiwe mchoyo wa haki: hela hiyo ilikusanywa, na ilifanya kazi. Serikali ilitangaza kwamba mwezi wa kwanza peke yake zilipatikana zaidi ya shilingi bilioni 48, na vituo vya afya na madarasa vikajengwa. Mwanamke aliyekuwa akibebwa kwa bodaboda usiku kwenda kujifungua mbali, kituo cha tarafa kwake si kitu kidogo. Nataka vituo hivyo. Ndiyo maana naumia kuona jambo jema limepitishwa kwa njia iliyowafanya watu walichukie.

Kelele zilisikika. Rais aliagiza malalamiko yafanyiwe kazi, na kufikia Septemba 2021 tozo ilipungua kwa asilimia 30. Kilele cha shilingi 10,000 kikawa 7,000. Mwaka uliofuata kikashuka hadi 4,000, lakini wakati huohuo tozo ikapanuliwa hadi benki, na kelele zikaanza upya. Septemba 2022 Waziri alitangaza kuondoa baadhi, ikiwamo ya kuhamisha hela kati ya benki na simu, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Juni 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, ya kutoa ikabaki, na kwenye lita ya petroli na dizeli ikaongezwa shilingi 100.

Ukiangalia mfululizo huo, kalamu ileile iliyopandisha haraka ndiyo iliyoshusha haraka. Wapo wanaosema hiyo ni faida ya kanuni, na wana hoja. Mimi ninachoona ni kwamba wananchi walitoa maoni yao baada ya kukatwa, wakati nafasi ya kuyatoa ilikuwa Juni.

Kodi ya majengo ilikwenda njia hiyohiyo ya kukimbilia kifaa kilichopo. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2021 ilikatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hata kama ni mpangaji, halafu anaachiwa aelewane na mwenye nyumba. Mpangaji gani wa chumba kimoja ana nguvu ya kumdai mwenye nyumba wake?

Ninachotaka kinawezekana bila kubadili Katiba. Muswada wa Sheria ya Fedha ukipelekwa bungeni ukiwa na tozo mpya, jedwali la viwango liambatane nao, wabunge walijadili mstari kwa mstari, na Kamati ya Bajeti inapoalika wadau Dodoma, wadau watoe maoni wakiwa na viwango hivyo mbele yao. Waziri abaki na uwezo wa kushusha kwa kanuni. Kupandisha arudi bungeni.

Mbunge wetu akipita Msamvu, nitamuuliza jambo moja: lile jedwali uliliona kabla hujaitwa jina ukasema ndiyo?