Madaftari ya mikopo ya Katuba: kumbukumbu ya mradi wangu

2 Machi
Mama wa kikundi wamekubali. Wamenipa madaftari mawili kati ya matatu ya kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, hapa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, Kongo. Kila anayeomba mkopo huandikiwa sentensi mbili tatu: anataka kiasi gani, cha nini, atarudisha lini. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuna alama ya aliyelipa kwa wakati na aliyechelewa. Ni miaka minne ya maamuzi ya fedha, yote kwa maneno. Sharti lao ni moja, majina yasitoke nje, kwa hiyo nimeweka namba mahali pa majina tangu ukurasa wa kwanza. Daftari la tatu nimewaomba walifungie sandukuni, nisilione. Hilo ndilo nitakalojaribia programu ya kompyuta ninayotengeneza, ya kusoma maneno ya ombi na kukisia nani atalipa.

Hamu yangu ilianzia kwenye utafiti wa Oded Netzer, Alain Lemaire na Michal Herzenstein, uliotoka 2019. Walipitisha kwenye kompyuta maombi zaidi ya 120,000 ya mikopo ya mtandao wa Prosper, Marekani, wakaona kwamba maneno ya mkopaji yanasaidia kutabiri kama atalipa. Walioshindwa kulipa walitaja zaidi familia, Mungu, shida zao, na waliomba kuhurumiwa. Je, daftari la Katuba nalo linasema hivyo?

16 Machi
Wiki mbili za kunakili. Neno moja lina sura nyingi: mtoto, mutoto, batoto, shule kwa mmoja, masomo kwa mwingine, na pesa ni makuta hapa, falanga pale. Nimetengeneza orodha ya kuyakutanisha, kwa mkono, nikimuuliza mama yangu kila nilipokwama.

Vitenzi vimenitesa zaidi. Mwanzoni nilikata kila kitenzi hadi kwenye mzizi, kama vitabu vinavyofundisha, nikafurahi kuona orodha imepungua. Kumbe "nitalipa" na "sijalipa" vimekuwa neno moja! Kwa Kifaransa kukana kuna maneno yake, unaweza kuyahesabu. Kwa Kiswahili kukana kumejificha ndani ya kitenzi, kwenye "si" na "ha" za mwanzo, na wakati nao umo humo humo. Nimeanza upya: mzizi peke yake, alama ya kukana peke yake, alama ya wakati peke yake. Siku nne zimekwenda, lakini sasa ninaiamini hesabu yangu.

30 Machi
Mungu yumo karibu katika kila ombi. "Mungu akisaidia, nitarudisha mwezi wa sita." Wanaandika hivyo wanaolipa na wasiolipa, kwa hiyo kwa programu neno hilo halina uzito wowote. Kule Marekani lilikuwa dalili; huku ni adabu ya kuongea juu ya kesho.

Nimekumbuka kazi ya Tim Loughran na Bill McDonald ya 2011. Walichukua orodha ya Harvard ya maneno yanayohesabiwa kuwa na maana mbaya, wakaipima juu ya ripoti za mwaka za makampuni ya Marekani. Karibu robo tatu ya maneno yaliyohesabiwa kuwa mabaya hayakuwa mabaya katika mambo ya fedha: kodi, gharama, mtaji. Neno "mine" nalo lilihesabiwa baya, kumbe linaonyesha tu kwamba kampuni inachimba madini. Fikiria orodha hiyo ikiletwa Lubumbashi, ambapo "bwana anatumika ku mine" (mume anafanya kazi mgodini) maana yake mshahara unaingia nyumbani! Mtu akileta hapa programu iliyofundishwa kwingine, mama hawa wataonekana wabaya kwa sababu ya salamu zao.

20 Aprili
Kuna kitu. Waliotaja bidhaa na mahali pa kuiuzia ("mifuko miwili ya unga, nitauza ku soko ya Kenya", yaani soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi) wamelipa vizuri. Waliotaja hospitali wamechelewa mara nyingi.

Nilimpelekea mama anayeshika sanduku, nikiwa na furaha. Alisoma ukurasa polepole, akaweka kidole kwenye ombi moja la hospitali.

"Mwanangu, huyu si mtu mubaya. Huyu tulimukopesha badala ya kumusaidia."

Sikulala vizuri. Kikundi kina kashe ndogo ya msaada, yaani mfuko wa fedha wa ugonjwa na kilio, isiyodai riba. Ombi lile lilitakiwa liende huko tangu mwanzo. Programu yangu ilikuwa inajifunza kumnyima mtu mkopo, wakati maneno yake yalikuwa yanaonyesha mlango mwingine.

Nimebadilisha swali lenyewe. Programu haisemi tena "atalipa" au "hatalipa". Inasoma ombi na kupendekeza: biashara, masomo, au kashe ya msaada. Neno la mwisho linabaki kwa mkutano wao.

11 Mei
Kanuni zote nimeziandika kwenye karatasi na kuwakabidhi, ili nisije nikazigeuza baada ya kuona majibu. Kilichobaki ni daftari la tatu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa mama watatu. Mmoja amekwenda Likasi kwenye kilio. Tunamngoja arudi.