Kijani cha Trinidad kilivyonitoa jasho

Miezi sita ya kwanza Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad huko Karibi, nilichora mchicha. Ndivyo alivyosema mume wangu alipoiona picha yangu ya milima: "Mama watoto, mchicha umekolea kweli."

Kazi yake ndiyo iliyotupeleka Trinidad. Mimi nilibaki na kiboksi cha rangi za maji nilichotoka nacho Tanga, na kila asubuhi nilikwenda kukaa pembeni ya uwanja wa Queen's Park Savannah, nikatazama safu ya milima ya kaskazini. Nilikuwa nakamua kijani kutoka kwenye tyubu na kukipaka kuanzia kileleni mpaka chini. Mlima ukawa ukuta.

Aliyenikwamua alikufa mwaka 1888. Jina lake Michel-Jean Cazabon, mzaliwa wa 1813 karibu na San Fernando, kusini mwa kisiwa. Wazazi wake walikuwa machotara huru waliotokea kisiwa cha Martinique, watu wa mashamba ya miwa, na utumwa ulikuwa haujakomeshwa. Kijana akasomeshwa Uingereza, akajifunza uchoraji Paris, picha zake zikatundikwa kwenye maonyesho makubwa ya Salon. Angeweza kubaki huko. Akarudi kuchora mito, mianzi na njia za vumbi za kwao, na mwaka 1851 akatoa albamu ya mandhari 18 za Trinidad.

Nilizikuta kazi zake kwenye jumba la makumbusho la taifa, Frederick Street. Nilisogeza pua mpaka mlinzi akakohoa. Mlima wa mbali haukuwa wa kijani hata kidogo! Ulikuwa bluu iliyochanganyika na kijivu, karibu sawa na anga, kwa sababu hewa ya kule imejaa unyevu na unyevu huo hufifisha kila kilicho mbali. Kijani chenyewe kilikuwa mbele tu, nacho kimetiwa njano na kahawia.

Nikaliweka tyubu la kijani kabatini. Nikawa nachanganya bluu na njano, halafu natia tone la nyekundu ili ukali upungue. Mlima wa nyuma napaka kwa maji mengi na rangi kiduchu, nasubiri, ndipo nafuata wa mbele. Weupe wa mawingu sipaki. Naiacha karatasi wazi.

Kusubiri ndiko kulikonitesa. Masika ya kule huanza Juni na karatasi haikauki. Mara mbili mlima wangu ulichuruzika ukaingia mawinguni kwa sababu ya pupa. Mama mmoja mstaafu aliyekuwa akinifundisha Jumamosi, sote tulimwita Tantie, yaani shangazi, alinionyesha kuigusa karatasi kwa mgongo wa vidole: ikiwa ya baridi, bado ina maji, hata kama inaonekana kavu. Picha nilizozipanga chini ya kitanda ziliota ukungu, kumi na moja, nikalia. Tangu hapo nazifunga kwenye plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Cazabon naye hakumaliza kwa raha. Gavana Lord Harris alikuwa mteja wake mkubwa, na picha alizoondoka nazo ziko mpaka leo kwenye jumba la ukoo wake, Belmont, huko Kent, Uingereza. Hilo huniudhi: mtoto wa Trinidad akitaka kuziona hizo, apande ndege! Harris alipoondoka, wateja wa aina ile walipungua. Mchoraji akahamia Saint-Pierre, Martinique, baadaye akarejea Port of Spain, na uzee wake ukawa wa ufukara.

Kitu cha mwisho nilichomwibia ni vijitu. Katika mandhari zake utaona mwanamke na kilemba chake, mzee na fimbo, wadogo kama punje, na hapo ndipo mti unapoonekana mkubwa. Nami chini ya mti wangu nikamweka muuza madafu wa pale Savannah, na mkokoteni wake.

Nilipomwonyesha, aliishika picha kwa mikono miwili, akaitafuta sura yake kwa muda.

"Dada," akasema, "mbona mkokoteni umeuchora vizuri kuliko mimi?"

Akanipasulia dafu, akakataa hela.