Kabla Hujasahihisha Daftari la Kwanza Ugenini

Mwalimu akipata kazi nje ya nchi, huuliza kwanza nyumba, mshahara na hali ya hewa. Ni maswali ya haki. Ila kinachowakwamisha wengi, hata wenye uzoefu mkubwa, ni kazi wanayoamini wameshaimudu: kusahihisha.

Tuanze na makaratasi, maana bila hayo huingii darasani. Majina yako yafanane kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa, shahada na cheti cha ualimu. Shahada yenye majina matatu na pasipoti yenye mawili huweza kukwamisha kibali cha kazi, kwani anayekagua hana uhakika kama ni mtu mmoja. Hati ya kiapo ya majina itafute kabla ya safari. Ulizia pia kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 kuhusu apostili, yaani muhuri wa serikali unaothibitisha kuwa hati ni halali ili ikubalike nchi nyingine. Kama zimo, kwa kawaida vyeti hugongwa apostili tu. La sivyo, huthibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wa nchi uendako, na hapo muda huliwa vibaya. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema kiombe mwishoni, maana waajiri wengi hutaka kilichotolewa karibuni.

Kwenye mkataba, usiridhike na idadi ya vipindi kwa wiki. Uliza kama zamu za kusimamia watoto wakati wa mapumziko na kushika darasa la mwenzako asiyekuwepo vinahesabiwa humo, na bima ya afya inaanza siku gani. Beba matumizi ya miezi 2 pamoja na amana ya nyumba. Akaunti ya benki mara nyingi husubiri kitambulisho cha ukaazi, na ukifika baada ya orodha ya mishahara kufungwa, malipo yako husogea hadi mwezi unaofuata.

Sasa alama. Ujerumani 1 ndiyo ya juu na 6 ni ya chini kabisa. Ufaransa husahihisha juu ya 20, na anayepata 16 amefanya vizuri sana. Kwenye diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa sekondari wa shule za kimataifa) kila somo lina 1 hadi 7, na jumla ya juu ni 45. Chuo kikuu Uingereza, 70 ni daraja la kwanza; kwenye shule nyingi za Marekani, 70 ni ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kwa hiyo kugeuza alama kuwa asilimia hakusaidii, hupotosha.

Mwombe mkuu wa idara karatasi tatu za mwaka uliopita, ya juu, ya kati na ya chini. Funika alama, sahihisha kwa mwongozo wa shule, kisha linganisha. Tazama unapotofautiana nao. Chukua swali la alama 2: kwa nini sukari huyeyuka haraka kwenye maji ya moto? Mwongozo unaweza kudai hoja mbili: chembe za maji zina nishati zaidi, na zinaigonga sukari mara nyingi zaidi. Aliyeandika sentensi nzuri kwamba joto huharakisha kuyeyuka amerudia swali, hapati kitu. Mwalimu aliyezoea kulipa lugha nzuri atampa 1, na kosa hilo likijirudia kwenye karatasi nzima, ripoti ya muhula haitaaminika.

Darasani, punguza kasi ya kusema na uandike kila agizo ubaoni, maana lafudhi yako ni ngeni kwao. Ukimya wao usiuharakishie maana. Kwengine mtoto hajibu mpaka aitwe, na kumtazama mwalimu machoni ni utovu wa adabu. Gawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jibu moja kabla ya kengele, na utajua nani ameachwa. Majina yao waulize wenyewe namna ya kuyatamka, uyaandike kwa silabi zako pembeni mwa daftari la mahudhurio.

Kanuni za ulinzi wa watoto zisome kabla ya kipindi cha kwanza: kubaki na mwanafunzi peke yenu, kupiga picha, kumtumia ujumbe kwenye simu, kumshika bega. Lililo kawaida kwenu laweza kukufukuzisha kazi huko, na kipindi cha majaribio hakihitaji sababu nyingi.