Siku tatu za kusoma mchoro wa moyo Kigoma

Wiki hii nilikuwa hapa Kigoma nikiwafundisha wauguzi na matabibu kupima na kusoma mchoro wa umeme wa moyo, yaani ECG, na bidii yao imenigusa sana. Muda mwingi tuliutumia kubandika elektrodi 10, yaani vibandiko vinavyonasa umeme wa moyo, mahali pake, kwani ile ya V1, mojawapo ya zile za kifuani, hukaa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, upande wa kulia wa mfupa wa kidari, na asiyehesabu mbavu kwa vidole huipandisha juu mno. Muuguzi mmoja alipokosea akabadilishana nyaya za mikono, mawimbi ya lidi ya kwanza, yaani mstari wa mchoro unaolinganisha umeme wa mkono mmoja na mwingine, yalipinduka kuelekea chini. Nilimwomba aitunze karatasi ile, kwa kuwa ilitufundisha kuliko maelezo yangu ya saa nzima.

Kisha tukahesabu visanduku vya karatasi ya mchoro ili kupima muda: karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo cha milimita moja ni sekunde 0.04.

Jana alasiri muuguzi yuleyule alimpima mama mmoja, akahesabu mbavu taratibu, akaona mapigo hayafuatani kwa mpangilio, akamwita daktari kabla sijasema neno.